Gitaa ya Katanga: anayeanza atapata wapi masomo ya kweli?



Leo sitaongea mahindi wala mbolea. Nataka kuongea gitaa. Najua wamoja watasema: huyu ana lisansi ya kilimo, anatafuta nini kwenye gitaa? Ngojeni kwanza.

Nkambo yangu wa kike amepita miaka 80. Anakaa kwetu, Katuba. Masikio yake yanaenda yakifunga pole pole: la kushoto limekwisha, la kuume linasikia kama unaongea karibu sana. Mwaka jana, usiku moja umeme umekatika, tulikuwa tumekaa inje, akaanza kunieleza namna nkambo wa kiume alikuwa anamposa. Hakuwa na franka, alikuwa na gitaa. Alikuwa anampigia "Masanga" ya Mwenda Jean Bosco. Halafu akaniuliza: "Na weye, ile gitaa ya korale unabebaka kila siku ya mungu, unayua kuipiga ile?"

Nikajibu: "Nkambo, unipe tu wiki mbili."

Wiki mbili! Ilichukua miezi kumi na moja, na mpaka leo napiga sehemu ya kwanza tu. Sehemu kubwa ya ile miezi sikuipoteza kwa uvivu. Niliipoteza kwa masomo mabaya, ao tuseme masomo mazuri ya kitu kingine. Ndiyo maana naandika. Kama kuna kijana hapa ana gitaa na anataka kuanza ile namna ya zamani ya Katanga, asipite njia ile niliyopita.

Kosa langu la kwanza lilikuwa wingi. Nilinunua mega za mwezi mzima, nikatafuta, nikashusha video zaidi ya arobaini kwenye telefone. Nilijisikia tajiri. Nilipoziangalia moja moja, niliona ziko za aina tatu. Za kwanza zilikuwa za sebene: gitaa ya umeme, solo na mi-solo, mediatori mkononi. Ni muziki yetu, naipenda, lakini Masanga inapigwa na vidole kwenye gitaa kavu, mtu moja peke yake. Za pili zilikuwa za walimu wa Marekani wanaofundisha kupiga na kidole gumba na vidole vingine vitatu. Walimu wa kweli, wenye utaratibu, somo la kwanza mpaka la ishirini. Za tatu zilikuwa vipande vya dakika moja vyenye kichwa cha habari kikubwa kuhusu "gitaa ya Afrika", unaona uso wa mpiga gitaa, unaona kofia yake, mkono wa kuume hauuoni.

Nikachukua zile za pili, sababu zilikuwa na mpango. Miezi minne. Kila jioni. Nikafika mahali pa kupiga kitu kinachofanana na Masanga, na kwenye korale walinipigia mikono. Nilikuwa karibu kumwita nkambo akae kwenye kiti.

Bahati, jirani yetu moja alinisikia. Ni mzee, alifanya kazi ya mgodi mpaka pansheni, na wakati wa ujana wake alikuwa anapiga gitaa kwenye mabaa. Alisimama kwenye mlango, akasikiliza labda nusu dakika.

"Mutoto, bidole ngapi njo unapigaka nabyo?"

"Bine, papa."

"Bosco alikuwaka anapiga na bibili. Ile yako ni muzuri. Lakini hapana Masanga."

Akakaa, akachukua gitaa, akanionyesha. Kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Vingine vitatu vimelala. Gumba inatembea kwenye kamba nene, lakini haibaki pale tu, inapanda mpaka kwenye kamba za katikati. Cha shahada kinashika kamba nyembamba, na kila kimoja kina mwendo wake, sawa watu wawili wanaobishana bila kukasirika. Ukigawa kazi ile ile kwa vidole vinne, sauti zote zinatoka sawasawa, safi, na ule mwendo wa kuyumba unapotea. Ule mwendo wa kuyumba ndio wimbo wenyewe. Sikuwa nimekosea noti hata moja, na bado nilikuwa nimekosea kila kitu.

Sisi watu wa kilimo tunajua ile hali. Unapewa karatasi ya mbolea, kila kitu ndani ni kweli, kipimo ni kweli, hesabu ni kweli, lakini iliandikwa kwa udongo ingine. Unaiweka kwenye udongo wetu mwekundu wenye asidi, bila chokaa, mahindi yanabaki ya manjano, na unasema mbolea ni mbaya. Mbolea haina shida. Hukuuliza karatasi ilitoka wapi.

Sasa tuongee vile vilivyoko, sababu viko. Hapa inaumiza kidogo.

Angalieni banjo ya Wamarekani, ile ya kamba tano. Kijana wa kule akitaka kuanza, ana kitabu ambacho Pete Seeger, mpigaji mwenyewe, aliandika mwaka 1948 na kukitoa yeye mwenyewe. Ana kile cha Earl Scruggs cha mwaka 1968, mtu aliyefanya namna ya vidole vitatu ijulikane dunia nzima, akieleza vidole vyake mwenyewe. Kutoka pale masomo yamezaana, mpaka anayeanza hana shida ya kukosa, ana shida ya kuchagua. Na ile banjo yenyewe ilifika kule kupitia mikono ya Waafrika walioletwa utumwani. Lakini Bosco hakuacha kitabu cha mafunzo. Masengo hakuacha. Losta Abelo hakuacha. Waliacha sauti, na wanafunzi waliokaa karibu nao. Walioandika ni watu waliotoka mbali, na waliandika Kiingereza.

Wa kwanza ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyekaa Afrika ya Kusini. Mwaka 1952 alipita Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, akamkuta Bosco, kijana wa miaka kama 22, akamrekodi. Ile "Masanga" watu wanayoijua inatoka pale. Miaka miwili nyuma ya pale, Tracey alianzisha nyumba ya kuhifadhi muziki ya Afrika, inaitwa ILAM, leo iko kwenye Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Halafu David Rycroft alikaa na zile sahani, akaandika noti za gitaa ya Bosco na kueleza namna inavyotembea. Ilitoka sehemu mbili, mwaka 1961 na 1962, kwenye jarida "African Music". Mwaka 1982 kikatoka kitabu cha John Low, "Shaba Diary". Low ni mpiga gitaa, alikuja mwenyewe huku kwetu, wakati mkoa unaitwa Shaba, kutafuta wapiga gitaa wa miaka ya 50 na 60. Kuna tena filamu za Gerhard Kubik wa Austria, zilikusanywa kwa jina "African Guitar", alizozipiga kati ya 1966 na 1993 katika nchi mbalimbali, na Bosco yumo. Na kuna Elijah Wald, mwandishi na mpiga gitaa wa Marekani, aliyekuja Lubumbashi kujifunza kwa Bosco na kwa Edouard Masengo. Jina lake nikiliona kwenye somo, nasimama na kuangalia. Alikaa mbele ya mikono yenyewe.

Vyote hivi havina kazi sawa kwa mtu anayeanza. Mimi nilianza na Rycroft, sababu nilikuwa na kiburi cha msomi: maandishi, jarida, tarehe, inanipendeza. Ilikuwa makosa. Ile ni kazi ya mtu anayechunguza, imeandikwa kwa mtu anayesoma noti kwenye mistari mitano, na hakuiandika ili wewe upige kesho. Rudi kwake ukiwa na miezi sita kwenye vidole. Pale utaona anakujibu maswali ambayo tayari unayo. Low unaweza kumsoma hata leo, bila gitaa, sababu ni safari, na kwenye safari mtu anasema namna alivyoshindwa. Filamu ya Kubik ndiyo ya thamani kubwa kwa anayeanza, sababu mkono unaonekana. Lakini mbele ya yote, ile sauti ya 1952. Wiki mbili nzima, bila kugusa gitaa. Uisikilize mpaka uweze kuimba bass kwa mdomo wakati unapalilia mboga. Mimi niliruka hapo, na nililipa.

Sasa kuna mlango mwingine unaotufungia sisi wa Congo zaidi, na hakuna mwalimu wa video anayeujua. Sisi tunasoma muziki kwa do, re, mi. Wale wa Kiingereza wanatumia herufi. Mwalimu anasema "C", wewe unafikiri labda ni jina la kamba. Basi shika hii, uandike nyuma ya daftari: A ni la, B ni si, C ni do, D ni re, E ni mi, F ni fa, G ni sol. Inaanzia la, haianzii do, ndiyo maana inachanganya. Kamba za gitaa, kutoka ile nene mpaka nyembamba, ni mi, la, re, sol, si, mi. Wao wataandika E, A, D, G, B, E. Ni kitu kimoja. Ukiona herufi ndogo "m" pembeni, ni akordi ya mineri. Nusu saa ya kujifunza hii itakufungulia masomo mengi kuliko kununua mega.

Kuna na ile namna ya kuandika na mistari sita, tablature. Kila mstari ni kamba, na namba inakuambia ni kase gani ya kubonyeza, kase ni ile nafasi kati ya vyuma viwili vya shingo. Sifuri, piga bila kubonyeza. Ni rahisi, hauitaji kujua noti. Lakini mstari wa chini kabisa kwenye karatasi ndio kamba nene, wakati kwenye gitaa uliyoshika, kamba nene iko juu, karibu na uso wako. Siku nne nilisoma kichwa chini. Nilifikiri aliyeandika amelewa.

Shida ya tatu ilinimaliza nguvu zaidi ya zote. Niliakorde gitaa yangu na programu ya telefone, kila kamba inaonyesha rangi ya kijani, sawa kabisa. Naweka wimbo wa Bosco, napiga pamoja naye, tunagombana. Nikafikiri vidole vyangu vibaya. Nikafikiri masikio yangu yamerithi ya nkambo. Wiki tatu! Kumbe zile sahani za zamani, za mizunguko 78, zilihamishwa baadaye kwenye mashine, na mwendo ukiongezeka kidogo ao kupungua kidogo, sauti nzima inapanda ao inashuka. Na Bosco hakuwa na programu ya telefone, aliweka kamba zake vile alivyotaka siku ile. Kwa hiyo usilazimishe rekodi ikufuate, wewe ndiye umfuate. Sikiliza noti ya bass pale wimbo unapopumzika, itafute kwenye gitaa yako, halafu teremsha ao pandisha kamba zote pamoja mpaka mkutane. Kama ni kupanda, tumia kapo. Kama huna kapo, kalamu ya risasi na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli vinafanya kazi. Kalamu unailaza juu ya kamba mbele kidogo ya chuma, mpira unafunga nyuma ya shingo. Na kama wimbo bado unakataa, ujue si kila wimbo wa zamani unapigwa kwa kuakorde kwa kawaida. Shuku kamba mbele ya kushuku mkono wako.

Tena usipige kwa mwendo wa Bosco. Kwenye video yoyote ya YouTube kuna mahali pa kupunguza mwendo, weka 0.75 ao 0.5, sauti haitashuka. Kama faili iko kwenye kompyuta, programu Audacity ni ya bure na inafanya kazi ile ile bila intaneti, unakata sekunde nane tu na kuzirudiarudia. Sekunde nane kwa jioni moja inatosha. Mimi nilikuwa nachukua wimbo mzima kila jioni, sawa mtu anayemwagilia hekta nzima na kopo moja.

Namna ya kujua video haifai, siku hizi inanichukua dakika mbili. Naangalia kama mkono wa kuume unaonekana mwanzo mpaka mwisho. Naangalia vidole ngapi vinafanya kazi. Nasikiliza kama mwalimu anasema alijifunza kwa nani, ao kwa rekodi gani. Mtu asiyetaja hata moja, namwacha, hata kama anapiga vizuri. Na mwisho naangalia kama anapiga pole pole mara moja angalau. Wengi hawapigi pole pole, wanataka tuwaone. Kati ya video zangu arobaini na kitu, zilibaki tatu. Zingine nilizifuta, telefone ikapumua.

Juu ya mwalimu mwenye mwili na damu, sitaki kudanganya: mzee wangu jirani hajui kufundisha. Ukimwuliza "papa, hapa ni akordi gani?", anajibu "ni hapa", na anapiga tena, na safari hii anapiga tofauti kidogo. Hawezi kuanza katikati ya wimbo, lazima arudie mwanzo. Video inarudi pale unapotaka, yeye harudi. Lakini katika dakika tano aliona kitu ambacho video arobaini hazikuweza kuona, sababu video haikuangalii. Kwa hiyo nilipanga hivi: wiki nzima nakaa na sekunde zangu nane, siku ya posho jioni nampelekea. Ananisikiliza, anacheka, ananigonga kidole cha tatu kikiamka. Simlipi franka. Nampelekea mchicha na nyanya za bustani, na kamba mpya ya kwanza ikikatika kwenye gitaa yake, naleta.

Kuhusu gitaa yenyewe nitasema kidogo tu. Ile ya bei ndogo inatosha, mradi kamba zisiwe juu sana kutoka kwenye shingo. Zikiwa juu, vidole vinauma na utaacha, na utafikiri ulikosa kipaji. Kabla ya kununua, bonyeza kase ya kwanza kwenye kamba nyembamba. Kama unakunja uso, weka chini, tafuta ingine. Ukucha wa gumba uache ukue kidogo.

Mwezi uliopita nilimkalisha nkambo kwenye kiti. Nilisogeza kiti changu upande wa kuume, ule unaosikia. Nikapiga sehemu ya kwanza, pole pole, na vidole viwili. Alisikiliza kidogo, halafu akanyoosha mkono na kuuweka kwenye mbao ya gitaa, karibu na tundu, akaacha pale. Bass alikuwa anaichukua kwa kiganja. Nilipomaliza akasema: "Njo yenyewe. Sasa ile ingine iko wapi, ile inafuataka?"

Ile inayofuata sina. Kwenye rekodi naisikia lakini gumba yangu haijafika, na filamu niliyonayo ni kopi ya giza, pale mahali hasa sioni kitu. Jirani yangu anaijua, ila mkono wake wa kuume umeanza kutetemeka na anachoka haraka. Siku ya posho hii nitampiga video, na sitangoja ingine.

Kama kwenu, Likasi, Kipushi, Kolwezi, ao hata kule Zambia kwa wajomba, kuna mzee ao mama aliyepiga na vidole viwili, nendeni na telefone yenye moto. Mbele ya wimbo, mwombeni apige kamba moja moja, kutoka nene mpaka nyembamba, ili tujue aliakorde namna gani. Kaeni upande wa mkono wake wa kuume, mchana, kwenye mwanga, na mshushe telefone mpaka kwenye kimo cha magoti yake. Uso wake mpigeni picha mwisho. Video iwe ya mikono.